Jinsi ya Kupima Athari ya Homoni katika Ufyonzaji wa Glutamati Ndani ya Astrosaiti

Mwanafunzi anayeandaa pendekezo la utafiti kuhusu homoni na ubongo mara nyingi hunijia akiwa na sentensi moja aliyokwisha kuikamilisha kichwani: homoni fulani huongeza, au hupunguza, ufyonzaji wa glutamati, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haipimiki. Kabla hajashika pipeti humwomba ajibu maswali matatu: ni astrosaiti (seli saidizi zinazoifyonza glutamati) za sehemu gani ya ubongo, ni muda gani umepita tangu homoni iwekwe, na je, kilichobadilika ni idadi ya visafirishi, yaani protini zinazoiingiza glutamati ndani ya seli, au ni wepesi wa kila kisafirishi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga na kufanya jaribio linaloweza kujibu maswali hayo katika maabara ya kiwango cha wastani hapa Mwanza, yaani maabara yenye inkubeta ya kaboni dioksaidi, kabati la hewa safi na mashine ya kusoma rangi katika sahani za vishimo.

Kwanza, ielewe kazi inayopimwa

Rudolf Virchow alipozipa seli saidizi za ubongo jina la glia mwaka 1856, alizichukulia kuwa kitu cha kushikanisha, kama gundi. Leo tunajua kwamba astrosaiti, ambazo ni seli saidizi zenye umbo la nyota, zina kazi nzito kuliko kushikanisha. Seli ya neva inapopeleka ujumbe humwaga glutamati kwenye mwanya mwembamba ulio kati yake na seli jirani, na tofauti na asetilikolini, ambayo ina kimeng'enya cha kuivunja papo hapo, glutamati haina wa kuivunja nje ya seli. Njia ya kuiondoa ni kuifyonza. Ikibaki nje kwa muda mrefu huzisisimua seli za neva kupita kiasi hadi zinakufa.

Katika panya, kazi hiyo ya ufyonzaji hufanywa hasa na protini mbili zilizo kwenye utando wa astrosaiti, GLT-1 na GLAST, ambazo kwa binadamu huitwa EAAT2 na EAAT1. Muundo wake wa kijeni ulifichuliwa mwaka 1992. Katika ubongo wa mbele wa mnyama aliyekomaa, GLT-1 peke yake hubeba takriban asilimia 90 ya mzigo wote. Glutamati ikishaingia ndani hugeuzwa kuwa glutamini, kisha glutamini hurudishwa kwa seli ya neva ili itumike tena.

Asiyeona tofauti kati ya idadi na wepesi na aende Mwaloni, Kirumba, asubuhi shehena ya dagaa kutoka visiwani inaposhushwa. Boti imeegeshwa, ubao umewekwa, na wabebaji wanapanda na kushuka na magunia mabegani. Magunia yakiwa machache ukingoni, mbebaji hufika na kusubiri. Yakiwa mengi, kila mbebaji ana mzigo, na hata ukirundika magunia mengine mia moja, idadi inayofika juu kwa dakika haiongezeki tena. Hicho ndicho kikomo cha kasi, ambacho katika hesabu zetu huandikwa Vmax. Kiasi cha glutamati kinachotosha kuifikisha kazi nusu ya kikomo hicho huandikwa Km, nacho hueleza jinsi kisafirishi kinavyoudaka mzigo wake kwa urahisi. Sasa tazama namna msimamizi anavyoweza kuiharakisha kazi. Anaweza kuagiza wabebaji wapya kutoka mbali, nao watafika kesho. Au anaweza kuwaita wale waliokaa kivulini nyuma ya ghala, nao watafika sasa hivi. Homoni hutumia njia zote mbili. Ya kwanza ni kuamuru jeni litengeneze protini mpya, jambo linalochukua saa nyingi au siku. Ya pili ni kuvisogeza kwenye utando visafirishi vilivyohifadhiwa ndani ya seli, au kuvirudisha ndani, jambo la dakika chache.

Mbebaji, tena, hafanyi kazi bure. Kila glutamati moja inayoingia huandamana na ayoni 3 za sodiamu na protoni 1, na ayoni 1 ya potasiamu hutoka. Ndiyo maana jaribio letu linategemea sana chumvi na pH, jambo nitakalolirudia hapa chini.

Pili, chagua homoni ukijua kinachofahamika

Estradioli, homoni ya kundi la estrojeni, huongeza GLT-1 na GLAST katika astrosaiti zinazokuzwa maabara, na athari hiyo huonekana vizuri baada ya siku moja au zaidi. Homoni ya tezi ya thairoidi ina kisa cha kuvutia zaidi, kwa sababu astrosaiti yenyewe ndiyo huichukua homoni ya T4 kutoka kwenye damu na kuigeuza kuwa T3, iliyo na nguvu zaidi, kwa kimeng'enya kiitwacho deiodinasi ya aina ya 2, kisha huigawia seli ya neva. T3 hiyo hiyo imeonekana kuongeza visafirishi vya glutamati katika astrosaiti za ubongo wa nyuma, yaani serebela. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayetaka kazi yenye mizizi katika afya ya jamii zetu, ambazo zinajua rovu ni nini na kwa nini chumvi hutiwa madini joto, aanzie hapo.

Homoni za msongo, yaani kortisoli kwa binadamu na kortikosteroni kwa panya, ndizo zinazowapotosha wengi. Kazi iliyochapishwa mwaka 1991 ilionyesha kwamba homoni za kundi hili hupunguza ufyonzaji wa glutamati katika astrosaiti za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kazi nyingine ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba deksamethasoni, ambayo ni dawa ya kundi hilo hilo, huongeza GLT-1 katika astrosaiti za gamba la ubongo bila kuigusa GLAST, na kwamba mwitikio hutofautiana kati ya sehemu moja ya ubongo na nyingine. Nimewahi kuona kazi hizi mbili zikinukuliwa katika aya moja kana kwamba moja lazima iwe na makosa. Si lazima. Seli si za sehemu moja, hivyo jibu halina sababu ya kuwa moja, na ndiyo maana swali la sehemu ya ubongo nimelitanguliza.

Kuna pia homoni zinazobadilisha ujumbe wa neva bila kugusa ufyonzaji. Alopregnanoloni, inayotokana na projesteroni na kutengenezwa ndani ya ubongo, hufanya kazi hasa kwa kukipa nguvu kipokezi cha GABA, kemikali inayotuliza seli za neva. Kortikosteroni nayo, katika hipokampasi ya panya, huweza ndani ya dakika chache kuongeza umwagaji wa glutamati kupitia kipokezi cha mineralokotikoidi, kimoja kati ya vipokezi vya homoni za msongo. Ukipima glutamati iliyopo nje ya seli ukaikuta imepanda, bado hujajua kama waliopunguza kasi ni wabebaji au ni boti ya pili iliyofika. Kwa hiyo pima ufyonzaji wenyewe, katika seli ambazo hazina neva ndani yake.

Tatu, andaa seli

Anza na kibali cha kamati ya maadili, kwa kuwa utatumia wanyama. Njia iliyozoeleka ni ile ya McCarthy na de Vellis ya mwaka 1980: gamba la ubongo wa panya wachanga wa maabara wa aina kubwa (rat), wenye umri wa siku 1 hadi 3, hutenganishwa kuwa seli mojamoja, seli huachwa zijaze chupa kwa siku 7 hadi 10, kisha chupa hutikiswa ili mikroglia na seli changa za oligodendrosaiti, ambazo ni seli saidizi za aina nyingine, zilizokaa juu ziachie na kumwagwa. Hakikisha usafi wa kilichobaki kwa kupaka kingamwili za GFAP, protini inayotambulisha astrosaiti. Watenge panya madume na majike kabla hujaanza. Umbali kati ya tundu la haja kubwa na kiungo cha uzazi ni mrefu kwa dume, na ukiwapanga wawili kwenye kitambaa chini ya taa utauona bila shida. Utafiti wa homoni unaochanganya jinsia bila kuandika hilo umejinyima taarifa muhimu, kwa kuwa ubongo wa dume mchanga tayari umekwisha kupata testosteroni nyingi kuliko wa jike.

Jambo linalofuata limewaharibia kazi watu wengi. Astrosaiti zinazokuzwa peke yake, bila seli za neva, hubeba karibu GLAST tupu. GLT-1, ambayo ndiyo mbebaji mkuu katika ubongo halisi, huwa kidogo mno. Ukiweka homoni hapo na kuandika kwamba haikuathiri ufyonzaji, umesema habari za GLAST tu. Dawa yake ni kuziongezea seli dibutirili AMP ya mzunguko, kemikali inayoiga ishara ya ndani ya seli, takriban maikromola 250 kwa siku 7, au kuzikuza pamoja na neva, ingawa njia hii ya pili inarudisha tatizo la umwagaji tulilotaka kulikwepa. Mimi hupendekeza sahani mbili zikae sambamba, moja yenye kiongezeo hicho na nyingine bila.

Sasa safisha homoni zisizoalikwa. Seramu ya ndama ambayo hutumika kulisha seli imejaa steroidi (kundi la homoni kama estradioli na kortisoli) na homoni za thairoidi, na rangi nyekundu ya fenoli iliyomo katika vimiminika vingi vya kukuzia seli ina tabia hafifu ya estrojeni. Nilipojaribu estradioli kwa mara ya kwanza, miezi mitatu ilipita nikipata vishimo vyenye homoni na vishimo visivyo na homoni vikilingana kabisa, na nilikuwa karibu kuandika kwamba homoni haina athari. Seli zangu zilikuwa zimeshiba estrojeni tangu mwanzo. Tumia seramu iliyochujwa kwa mkaa, kimiminika kisicho na rangi ya fenoli, na uziache seli humo kwa angalau saa 24 kabla ya kuweka homoni. Kwa T3, hakikisha kwamba uchujaji wa seramu uliotumika unaondoa homoni za thairoidi pia, kwa sababu mkaa peke yake huziondoa kwa viwango tofauti.

Liko jambo moja la mahali petu ambalo vitabu vya ng'ambo haviliandiki. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya Mwanza ina mgandamizo pungufu kuliko wa Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu 1 kati ya 10. Inkubeta iliyowekwa asilimia 5 ya kaboni dioksaidi hapa huipa seli gesi pungufu kwa kiasi hicho hicho, na pH ya kimiminika hupanda kwa takriban 0.06. Ni kiasi kidogo, lakini kisafirishi tunachokipima huingiza protoni pamoja na kila glutamati. Panda hadi takriban asilimia 5.7, kisha pima pH ya kimiminika kilicholala usiku kucha ndani ya inkubeta, wala usitegemee namba iliyo mlangoni. Umeme ukikatika usiku, andika saa ulipokatika na saa uliporudi. Sahani iliyopoa isichanganywe na sahani nyingine katika hesabu.

Nne, weka homoni kwa kipimo na kwa muda

Tumia viwango vinavyofanana na vya mwilini kabla ya kujaribu vikubwa. Estradioli ianze na nanomola 1 na isizidi 10. Kortikosteroni, ambayo hupanda sana wakati wa msongo, inaweza kufika nanomola 100 hadi maikromola 1. Kumbuka kwamba katika damu sehemu kubwa ya homoni za msongo imeshikwa na protini, wakati katika kimiminika kisicho na seramu yote iko huru. Steroidi huyeyushwa katika ethanoli, hivyo kishimo cha kulinganishia lazima kipate ethanoli ya kiasi kile kile, isiyozidi asilimia 0.1.

Muda ndio uti wa mgongo wa jaribio. Panga angalau vituo vitatu: dakika 15, saa 24 na saa 72. Badiliko linaloonekana katika dakika 15 haliwezi kuwa la protini mpya. Linaloonekana saa 24 au 72 linaweza kuwa hivyo, na unalithibitisha kwa kuweka sikloheksimaidi, inayozuia utengenezaji wa protini, ingawa kwa muda mfupi tu kwa kuwa seli haziivumilii siku nzima. Kisha uliza ni kipokezi gani kilichopokea amri: mifepristoni huziba kipokezi cha glukokotikoidi, spironolaktoni huziba cha mineralokotikoidi, na fulvestranti huziba vile vya estrojeni vya ndani ya seli. Kizuizi kiwekwe pia peke yake, bila homoni, ili ijulikane kama chenyewe kina athari.

Jaribio linahitaji pia kishimo ambacho unajua mapema kwamba ufyonzaji wake utapanda, la sivyo ukikosa badiliko hutajua kama homoni ndiyo dhaifu au ni kipimo chako. Hapa tuna bahati. Seftriaksoni, sindano ya antibiotiki inayopatikana katika maduka ya dawa mjini kote, ilionyeshwa mwaka 2005 kuwa inaongeza GLT-1, na huhitaji siku kadhaa za kukaa na seli. Nasisitiza kwamba hii ni habari ya sahani. Dawa hiyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa ugonjwa wa neva za misuli uitwao ALS, haikuwasaidia, na hakuna mtu anayepaswa kudungwa sindano hiyo kwa sababu ya glutamati.

Tano, pima

Maabara nyingi duniani hutumia aspartati ya D yenye tritiamu (hidrojeni yenye mionzi), ambayo kisafirishi huibeba kama glutamati lakini seli haiwezi kuitumia, kwa hiyo hubaki ndani ikisubiri kuhesabiwa. Ni njia nzuri, ila vitu vyenye mionzi vinahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania na utaratibu wa kutupa mabaki. Kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ninapendekeza njia ya rangi, inayopima glutamati iliyosalia nje.

Osha seli mara mbili kwa bafa ya chumvi (kimiminika kinachotuliza pH) yenye HEPES, kemikali ya kushikilia pH, na glukosi, iliyopashwa hadi nyuzi 37. Bafa ya bikaboneti haifai hapa kwa kuwa ikitolewa kwenye inkubeta pH yake hupanda mbele ya macho yako. Katika sahani ya vishimo 24, weka mikrolita 300 za bafa yenye glutamati ya maikromola 100. Chota mikrolita 20 mara moja, kisha tena dakika ya 5, 10, 20 na 30, ukiweka kila sampuli kwenye barafu. Katika sahani nyingine, kimeng'enya kiitwacho glutamati dehidrojenasi huigeuza glutamati iliyosalia na kutoa NADH, molekuli inayobeba elektroni, nayo NADH huzikabidhi kwa kimeng'enya kingine, diaforasi, kinachoigeuza rangi ya tetrazoliamu. Bila hatua hiyo ya pili mwitikio wa kwanza hukwama, kwa kuwa kwa asili yake hupenda kurudi upande wa glutamati. Kolezo la rangi husomwa dhidi ya mstari wa viwango unavyovijua. Kasi ihesabiwe kutoka sehemu iliyonyooka ya mwanzo tu. Mstari ukishapinda, glutamati imepungua kiasi kwamba wabebaji wanasubiri mizigo.

Kila sahani iwe na vishimo visivyo na seli, na vishimo vyenye TBOA, inayoziba visafirishi vyote vya kundi hili. Wengi hutumia bafa isiyo na sodiamu badala ya TBOA. Itumie kwa tahadhari: sodiamu ikiondolewa nje wakati imo ndani, kisafirishi kinaweza kugeuka na kuanza kuitoa glutamati, na namba yako ya chini kabisa ikawa si ya kweli. Vishimo vingine vipewe dihidrokaineti, inayoziba GLT-1 na kuiacha GLAST. Tofauti kati yake na vishimo visivyozibwa ndiyo sehemu ya GLT-1. Mwisho, yeyusha seli za kila kishimo kwa hidroksidi ya sodiamu na upime protini, ili kasi iandikwe kwa miligramu ya protini. Hatua hii hairukwi, kwa kuwa homoni nyingi hubadilisha ukuaji wa seli, na kishimo chenye seli nyingi kitafyonza zaidi hata kama hakuna kisafirishi kilichobadilika.

Swali la idadi na wepesi hujibiwa kwa kurudia kipimo kwa viwango sita au zaidi vya glutamati, kati ya maikromola 5 na 300, na kutafuta Vmax na Km. Kwa viwango vya chini rangi huwa hafifu, na hapo ndipo ninaposhauri kushirikiana na maabara yenye leseni ya mionzi. Vmax ikipanda na Km ikabaki pale pale, yaelekea wabebaji wameongezeka kwenye utando. Kama ni wapya au ni wale waliokuwa kivulini, utajua kwa kuzitia protini za juu ya utando biotini, alama ya kemikali inayozitambulisha, na kulinganisha kiasi cha juu na kiasi cha seli nzima.

Katika takwimu, hesabu ukuzaji, yaani kila kundi la seli lililoandaliwa kwa mara moja, si vishimo. Vishimo 12 vya panya wa uzao mmoja ni kipimo kimoja kilichorudiwa mara 12, na matokeo yanayotegemea ukuzaji mmoja hayajapata uthibitisho hata yakiwa na nyota ngapi za takwimu juu ya mchoro. Nataka angalau ukuzaji 4 wa siku tofauti, kwa kila jinsia.

Ukifika kuandika matokeo, jina la homoni liandamane na masharti yake yote, kwa mfano: «Katika astrosaiti za gamba la ubongo wa panya majike wachanga, zilizokuzwa na dibutirili AMP ya mzunguko, estradioli ya nanomola 10 iliongeza Vmax ya ufyonzaji wa glutamati unaozuiwa na dihidrokaineti baada ya saa 72 lakini si baada ya dakika 15, bila kubadilisha Km, na fulvestranti iliondoa ongezeko hilo.» Msimamizi akikuambia kwamba sentensi ni ndefu mno, igawe mara mbili, lakini usipunguze sharti hata moja.